Berthe Morisot (1841-1895): mchoraji aliyeandikwa «bila kazi»

Mwezi wa tatu mwaka 1895, huko Paris, karani wa Serikali aliandika katika kitabu cha vifo jina la mama mmoja mjane, mwenye miaka 54. Pahali pa kutaja kazi ya marehemu, aliandika kwamba hana kazi. Mama huyo ni Berthe Morisot. Kwa muda wa miaka zaidi ya 35 alikuwa ameshika burashi ya rangi. Aliacha sanamu za rangi ya mafuta zaidi ya 400, pamoja na za rangi ya maji na michoro mingi ya karatasi. Tena alikuwa mmoja wa watu wachache walioanzisha namna mpya ya kuchora, ambayo leo inajulikana duniani pote kwa jina la impresionismu. Walakini kitabu kilisema: bila kazi.

Tusimlaumu karani upesi. Yeye aliandika kama ilivyokuwa desturi ya inchi yake na ya wakati wake. Mwanamke wa jamaa ya heshima, aliyelishwa na baba yake na kiisha na bwana yake, hakuhesabiwa kuwa na kazi, hata akishinda kutwa nzima mbele ya kitambaa cha kuchorea. Ndiyo sababu tumependa kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mama huyo. Tutatafuta kuona jambo moja tu: ni kazi gani iliyofichwa na neno lile dogo, na ilimpasa kulipa nini ili aifanye.

1. Utoto wake na mafundisho yake

Berthe alizaliwa tarehe 14 ya mwezi wa kwanza 1841 katika mji wa Bourges, katikati ya Ufaransa. Baba yake alikuwa prefe, maana yake mkubwa wa Serikali katika jimbo. Walizaliwa watoto wanne: Yves, Edma, Berthe, na ndugu yao mwanamume Tiburce. Mwaka 1852 jamaa ilihamia Passy, karibu sana na Paris, na huko Berthe alikaa karibu maisha yake yote.

Mwaka 1857 mama yao aliwapeleka mabinti watatu kwa mwalimu wa kuchora, ili kila mmoja aweze kumpa baba yake sanamu siku ya sikukuu yake. Katika jamaa za namna ile, msichana alipaswa kujua kupiga piano kidogo, kushona kidogo, kuchora kidogo. Hayo yote yalikuwa pambo la nyumba, si kazi. Yves alichoka upesi akaacha. Edma na Berthe hawakuacha. Wakapata mwalimu wa pili, Joseph Guichard. Huyo, alipoona vipaji vyao, alishikwa na hofu. Akamwonya mama yao kwamba mafundisho yake hayatawapa wasichana hawa ujuzi mdogo wa kupendeza wageni sebuleni, bali yatawafanya kuwa wachoraji kweli kweli. Na katika watu wa cheo chao, jambo lile litakuwa kama mapinduzi, karibu msiba. Mama alisikia, akafikiri, akawaacha waendelee. Inafaa tumkumbuke mama huyo, kwa kuwa angaliweza kufunga mlango siku ile ile.

Milango mingine ilikuwa imekwisha fungwa. Chuo kikubwa cha Serikali cha kufundisha wachoraji, kule Paris, hakikupokea wanawake. Kilianza kuwapokea mwaka 1897 tu, miaka miwili baada ya kufa kwake Berthe. Kwa hiyo wasichana wawili walijifunza katika Louvre, lile jumba kubwa la sanamu: tangu mwaka 1858 walikuwa wakikaa humo na kunakili kazi za wachoraji wa zamani, na mama yao kuwasindikiza, kwa maana msichana wa heshima hakutembea peke yake.

Kiisha walitaka kuchora miti na mito mahali penyewe ilipo, si chumbani. Guichard akawapeleka kwa mzee Camille Corot, aliyekuwa bingwa wa kuchora mashamba na misitu. Na hapa sherti tueleze kitu kimoja kidogo kilichogeuza mambo mengi. Zamani wachoraji walitunza rangi zao katika vibofu vya nguruwe. Rangi zilikauka upesi, na kuzichukua safarini kulikuwa taabu. Mwaka 1841, mwaka ule ule aliozaliwa Berthe, Mmarekani John Goffe Rand alipata hati ya Serikali kwa ajili ya kifuko cha bati laini kinachofungwa kwa kifuniko, kama kile cha dawa ya meno. Basi tangu siku zile mchoraji aliweza kutia rangi zake zote katika sanduku dogo, akaenda kukaa ukingoni mwa mto.

2. Dada wawili

Kila mwaka au karibu kila mwaka, kulikuwa Paris maonyesho makubwa yaliyoitwa Salon. Wazee wa baraza walichagua sanamu zitakazotundikwa na zile zitakazokataliwa. Mchoraji aliyekataliwa hakupata jina wala wanunuzi. Mwaka 1864 Berthe, mwenye miaka 23, alipeleka sanamu mbili za mashamba, zikapokelewa. Edma naye akapokelewa. Baba yao aliwajengea chumba cha kazi katika bustani ya nyumba. Kwa miaka kadha walichora bega kwa bega, na waliowajua hawakuweza kusema ni nani kati yao anayemshinda mwenzake. Ingaliko hata leo sanamu aliyoichora Edma karibu na mwaka 1865: Berthe amesimama mbele ya kitambaa, burashi mkononi, anatazama kazi yake kwa macho makali.

Mwaka 1869 Edma aliolewa na Adolphe Pontillon, mwanajeshi wa bahari, wakaenda kukaa Lorient, bandari ya magharibi. Akaacha kuchora. Hakuna aliyemkataza kwa nguvu. Mambo ya nyumba yalichukua siku zake, basi. Lakini katika barua zake kwa Berthe aliungama kwamba roho yake ilirudi mara nyingi katika kile chumba cha kazi, na kwamba alitamani walau robo saa ya kupumua hewa waliyoizoea. Berthe naye alihuzunika. Alikuwa amebaki peke yake nyumbani, karibu na miaka 30, na wazazi wake waliona hofu kwamba hatapata bwana.

Tusipite jambo hili mbio. Watu husema mara nyingi: mwenye kipaji hawezi kuzuiwa. Kumbe hapa tunaona wawili wenye kipaji sawasawa, mafundisho yale yale, chumba kile kile. Mmoja jina lake limeandikwa vitabuni. Wa pili tunamjua kwa sababu ya dada yake. Kipaji peke yake hakitoshi. Huhitaji pia saa, nafasi, na watu wanaokubali kwamba kazi ile ni kazi.

3. Mkono wa Manet

Mwaka 1868, katika Louvre, mchoraji Fantin-Latour aliwajulisha dada hao kwa Édouard Manet. Manet alikuwa mtu wa sifa na wa kelele: wengine walimtukana, vijana walimfuata. Alimpenda Berthe kama mfano wa kuchora, na katika miaka iliyofuata alimchora mara zaidi ya kumi. Watu wengi hata leo wanamjua Berthe kwa sura ile iliyochorwa na Manet mwaka 1872: kofia nyeusi, macho meusi, na maua madogo ya zambarau kifuani. Wanajua uso wake kabla ya kujua kazi yake.

Wakati wa Salon ya mwaka 1870 lilitokea jambo linalotuonyesha hali yake vizuri. Berthe alikuwa amechora mama yake anasoma kitabu na Edma ameketi karibu. Alikuwa na mashaka juu ya sanamu hiyo, akaomba shauri kwa Manet. Manet akaja, akasema ni nzuri, ila chini ya nguo kuna kasoro kidogo. Akashika burashi akatengeneza kidogo. Kiisha akapanda juu kidogo. Kutoka nguo akafika kifuani, kutoka kifuani akafika kichwani, akicheka na kufanya mzaha, hata sanamu ikawa karibu yake yeye. Jioni ile ile mchukuzi akaja kuipeleka kwa wazee wa baraza. Berthe alimwandikia dada yake kwamba tumaini lake moja ni kuona sanamu ile inakataliwa. Haikukataliwa. Leo iko Washington, na wataalamu wanaona bado mkono wa Manet katika uso na nguo nyeusi za mama.

Manet hakuwa na nia mbaya. Alidhani anasaidia. Lakini hakuuliza kama kazi ile ina mwenyewe. Tangu siku ile Berthe alichunga sana kazi yake: alimheshimu Manet mpaka kufa, lakini njia yake aliichagua yeye.

4. Mwaka 1874

Baada ya vita ya mwaka 1870 na 1871, ambayo Berthe aliivumilia ndani ya Paris iliyozungukwa na Waprusi, katika njaa na baridi, wachoraji kadha walichoka na hukumu za Salon: Monet, Degas, Renoir, Pissarro, Sisley na wenzao. Wakapatana kufanya maonyesho yao wenyewe, bila baraza la kuwahukumu, bila kuomba ruhusa. Degas akamwandikia mama yake Berthe barua kumwomba binti yake aungane nao. Manet mwenyewe alikataa kuingia, akamshauri Berthe asiingie; yeye aliona kwamba vita ya kweli ni katika Salon. Berthe hakufuata shauri lile. Tangu mwaka 1864 kazi zake zilikuwa zikipokelewa katika Salon. Hakusukumwa na kukataliwa. Aliacha kiti kizuri ili kukaa na watu wasio na kiti. Na tangu siku ile hakupeleka tena kitu katika Salon.

Maonyesho yalifunguliwa tarehe 15 ya mwezi wa nne 1874, katika vyumba alivyoviacha Nadar, mpiga picha mashuhuri. Wachoraji walikuwa karibu 30, na kati yao Berthe alikuwa mwanamke peke yake. Alionyesha kazi tisa. Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, alichukua neno «impression» katika jina la sanamu moja ya Monet, akawaita wote kwa dhihaka Waimpresionisti, kana kwamba ni watu wasiojua kumaliza kazi. Jina la dhihaka likabaki, likawa jina la heshima. Mwalimu wa zamani, Guichard, alikwenda kutazama, akatoka na huzuni. Akamwandikia mama kwamba Berthe aachane na wenda wazimu wale, arudi Louvre mbele ya kazi za mabingwa wa zamani akaombe msamaha.

Kati ya kazi zile tisa ilikuwamo moja ambayo leo inajulikana kuliko zote: «Kitanda cha mtoto», iliyochorwa mwaka 1872. Mama kijana ameketi, mkono mmoja umeshika shavu lake, mkono wa pili unashika ukingo wa pazia jepesi jeupe, kama chandarua, lililofunika kitanda. Ndani mtoto amelala. Ni yote. Hakuna mfalme, hakuna vita. Lakini tazameni lile pazia: lina weupe, na bluu kidogo, na waridi kidogo, na mtoto anaonekana nyuma yake kama katika ukungu wa asubuhi. Mama hacheki wala halii. Ana uchovu, ana mapendo, na labda anafikiri jambo lililo mbali na chumba kile. Mama huyo ni Edma, na mtoto ni Blanche, binti yake. Yule aliyeacha burashi alikaa mbele ya yule aliyeishika. Hakuna aliyenunua sanamu ile. Ikakaa katika jamaa mpaka mwaka 1930, Louvre ilipoinunua. Leo iko katika jumba la Orsay, Paris.

5. Ndoa na kazi

Baba yake alikuwa amekufa mwanzo wa mwaka ule 1874. Tarehe 22 ya mwezi wa kumi na mbili Berthe, mwenye miaka 33, aliolewa katika kanisa la Passy na Eugène Manet, mdogo wake Édouard. Wengi walidhani atafuata njia ya Edma. Haikuwa hivyo. Eugène alikuwa mtu mnyonge wa afya na mpole. Yeye naye alichora kidogo, lakini alikubali kwamba mchoraji wa nyumba ni bibi yake. Mwaka 1882, Berthe alipokuwa mbali Nice, Eugène ndiye aliyeshughulika kutundika kazi zake katika maonyesho. Mambo kama hayo yalikuwa machache sana siku zile. Marie Bracquemond, mwanamke mwingine wa kundi lile, alikuwa na bwana mchoraji asiyependa njia mpya. Akachoka na mabishano, na karibu na mwaka 1890 akaacha kuonyesha kazi zake. Naye Mary Cassatt, Mmarekani aliyejiunga na kundi mwaka 1879, hakuolewa kamwe.

Dhihaka haikukoma. Mwaka 1875 Berthe aliuza sanamu kwa mnada pamoja na Monet, Renoir na Sisley. Watu walipiga kelele hata ikalazimu kuita polisi. Na bei kubwa kuliko zote, franka 480, ilipatikana kwa sanamu yake Berthe. Mwaka uliofuata Albert Wolff, katika gazeti Le Figaro, aliandika juu ya wenda wazimu watano au sita, mmoja wao mwanamke. Eugène alitaka kumwita wapigane, wakamzuia. Berthe yeye alirudi kwenye kazi. Maonyesho ya Waimpresionisti yalikuwa manane toka mwaka 1874 mpaka 1886. Berthe alishiriki saba. Alikosa yale ya mwaka 1879 tu, kwa kuwa Julie, mtoto wake wa pekee, alizaliwa mwezi wa kumi na moja mwaka 1878.

Alichora nini? Alichora yale aliyoruhusiwa kuyaona. Wanaume walikaa katika mikahawa usiku, wakabishana. Yeye hakuweza kuingia. Basi akachora bustani, mashua, mwanamke anayejitengeneza mbele ya kioo, mtumishi anayeanika nguo, Julie anayecheza. Alifanya kazi upesi, burashi ikikimbia, na mara nyingine aliacha pembe za kitambaa bila rangi. Wengine waliita hivyo uvivu. Lakini mwanga hausimami, na mtoto hatulii. Mchoraji anayetaka kuwashika sherti awe na mkono mwepesi. Karibu na mwaka 1880 alichora sanamu moja ya pekee: mlezi aitwaye Angèle anamnyonyesha Julie. Tufikiri kidogo. Mwanamke mmoja analipwa ili atoe maziwa yake. Mwanamke wa pili, mama wa mtoto, amesimama mbele yao anachora. Wote wawili wako kazini.

6. Mwisho wake

Wazee wa kundi walipotawanyika, nyumba ya Berthe ikawa pahali pa kuonana. Siku ya Alhamisi walikuja kula kwake Renoir, Degas, na Stéphane Mallarmé, mtunga mashairi, aliyekuwa rafiki mwaminifu kuliko wote. Walimheshimu kama mwenzao. Hata hivyo, mwaka 1890, aliandika katika daftari lake kwamba hadhani kuwa aliwahi kuwako mwanamume aliyemtendea mwanamke kama mtu aliye sawa naye, na kwamba hakuomba kitu kingine ila hicho, kwa maana alijua thamani yake.

Eugène alikufa mwezi wa nne 1892. Mwaka ule ule Berthe alifanya maonyesho yake ya kwanza peke yake. Mwaka 1894, kwa bidii ya Mallarmé, Serikali ilinunua sanamu yake ya msichana aliyevaa nguo ya sikukuu. Mwanzo wa mwaka 1895 Julie akashikwa na homa ya mafua. Mama akamwuguza, ugonjwa ukampata yeye, ukaingia mapafuni. Akamwandikia binti yake barua ya kumwaga, akamwagiza zawadi za kuwapa rafiki zake, akamwomba asilie. Akafa tarehe 2 ya mwezi wa tatu. Walimzika Passy pamoja na jamaa ya Manet, na juu ya jiwe waliandika kwamba alikuwa mjane wa Eugène Manet. Pale napo hapakutajwa kazi.

Mwaka mmoja baadaye, Degas, Monet, Renoir na Mallarmé waliingia wenyewe katika vyumba vya mfanya biashara Durand-Ruel, wakabeba, wakapanga, wakatundika kazi zake zaidi ya 300. Watu wa Paris wakaona kwa mara ya kwanza urefu wa kazi aliyoifanya. Lakini sifa ilikawia sana. Jumba la Orsay lilifunguliwa mwaka 1986, nalo lilimfanyia maonyesho yake ya pekee mwaka 2019. Mwaka 2013, kule London, sanamu yake moja ya mwaka 1881 iliuzwa kwa bei ya zaidi ya dola milioni kumi. Bei si kipimo cha roho ya mtu. Lakini yule karani wa mwaka 1895 angalishangaa.

7. Neno la kumalizia

Sisi tunaosoma kurasa hizi tunaandika vitabu vingi: vya ubatizo, vya ndoa, vya mazishi. Mara ngapi tumemwuliza mama kazi yake, naye akajibu, akiinamisha macho, kwamba hana, nasi tukaandika hivyo bila kufikiri? Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa jembe, au mtungi ulikuwa bado mlangoni. Berthe Morisot hakuwa maskini, wala hakulima. Maisha yake yalikuwa mbali na ya mama zetu. Lakini neno lililoandikwa juu yake na lile tunaloliandika sisi ni neno moja.

Edma alikosa nafasi, Berthe aliipata: kwa mama aliyeacha mlango wazi, kwa bwana aliyetundika sanamu za bibi yake, kwa rafiki waliobeba kazi zake alipokwisha kufa. Hao wote hawakumpa kipaji. Walikubali tu kuona kazi pale ambapo wengine waliona pambo. Hata sisi tunaweza kufanya hivyo, na kuanza ni rahisi: siku nyingine, kabla ya kuandika «bila kazi», tuulize mara ya pili.